Nimetoa 480,000 kupanda Hamsini na Saba kwa baiskeli zisizo na breki

Wakuu, salaam.

Nimekaa na hili wiki mbili nikisubiri hasira ishuke ndipo niandike kistaarabu. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Mwishoni mwa mwezi wa sita tulikuwa watu sita, watano wametoka Dar, mimi mwenyeji wa Mbeya. Tukamlipa mwandaaji mmoja wa safari laki nne na themanini kila kichwa. Mpango: siku tatu, kuanzia Chimala, kupanda ile barabara ya kona hamsini na saba kwenda Matamba, kuzunguka uwanda wa Kitulo, kisha kushuka njia ile ile. Ndani ya hiyo bei kuna baiskeli za graveli, gari la kutufuata, chakula, malazi na kiingilio cha hifadhi. Jina lake silitaji, uzi usije ukafutwa kabla hamjasoma.

Kwa wasiojua, graveli ni baiskeli ya barabara za changarawe. Usukani umepinda kama pembe za kondoo, lakini tairi ni nene, breki ni za diski, na gia zake ni laini kwa ajili ya milima. Zingatieni hayo mambo matatu: tairi, gia, breki. Ndiyo tuliyokuwa tunalipia.

Asubuhi pale Chimala baiskeli zinashushwa kwenye gari, naziangalia, moyo unaenda mbio. Tairi za milimita 28! Hizo ni za lami, mkuu. Tena zimejazwa upepo mpaka zimekuwa jiwe. Graveli inataka milimita 40 na kuendelea, upepo kiasi, ili tairi ilale kwenye kokoto na kung'ata. Namuuliza kijana wao, ananijibu, "Usijali kaka, hizi ndizo wanapenda Wazungu."

Gia sasa. Gia laini kuliko zote ilikuwa meno 34 mbele na 28 nyuma, maana yake ukizungusha pedali mara moja gurudumu linazunguka mara moja na ushee. Graveli ya mlima unakuta 40 mbele na 42 nyuma, gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Nenda pale kona ya ishirini na kitu, jua la saa tano mgongoni, bonde lote la Usangu liko chini yako, halafu uniambie kama ni ndogo. Goti linalia kama mlango wa banda. Kutoka Chimala mpaka uwandani juu unapanda karibu mita 1,500, na Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi, ambako hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na ya Dar. Wenzangu wa pwani walisukuma baiskeli zaidi ya walivyoziendesha. Sio wavivu. Wawili kati yao wanakwenda Bagamoyo na kurudi siku moja bila shida.

Gari la msaada tulilikosa tangu kona za mwanzo. Dereva alitupita, akapiga honi, akapotea. Baadaye tukaambiwa alipigiwa simu akachukue wageni wengine Mbeya. Maji yetu, matyubu, solushen ya kubandikia pancha na makoti yote yalikuwa humo. Nilipata pancha mbili, na kilichoniokoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa na viraka kwenye boksi lake. Alikataa hela. Huyo hakuchukua laki nne na themanini ya mtu.

Kitulo yenyewe sina neno baya juu yake. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na ukisimama kule juu, nyasi upande huu na ukungu upande ule, huoni sababu ya kubishana nao. Ila tangazo la huyu bwana lilijaa picha za maua. Maua ya Kitulo ni ya masika, Desemba mpaka Aprili hivi. Mwezi wa sita na wa saba unakuta nyasi zimekauka, na alfajiri sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda nyeupe. Mimi nilijua. Dada mmoja kwenye kundi letu alikuwa amebeba kamera nzito kutoka Dar kwa ajili ya okidi, na hakuna aliyemwambia. Kwenye geti tukaulizwa namba ya malipo, hatuna, mwandaaji hapokei simu. Askari alikuwa na haki yake kabisa. Tukalipa upya mfukoni.

Hayo yote ningeyameza. Nimeandika kwa sababu ya siku ya tatu.

Kushuka Hamsini na Saba si kama kushuka mlima wa Kitonga, Iringa, na basi. Ni mawe yaliyolegea, vumbi la kuzama tairi, na kila baada ya muda mfupi kona inayokurudisha ulikotoka. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine unaona mabati ya watu kwa mbali, chini kabisa. Breki unazitumia muda wote. Kabla hatujaondoka Matamba nilitafuta pedi za breki za akiba, kwa sababu za kwangu zilishaanza kupiga kelele siku ya pili. Hakuna. Bisibisi? Hakuna. Nikazivuta waya kwa mkono, nikakaza kwa koleo ya kuazima kwa fundi wa pikipiki.

Tulipofika kama katikati, mwenzetu aliyekuwa nyuma yangu akapiga kelele, "Sina breki!" Nikamwona ananipita. Wakuu, ile sauti ya chuma kinasaga chuma bado naisikia usiku. Alifanya jambo la akili kuliko yote: akaikata baiskeli upande wa mlima, akajirusha mtaroni. Angechagua upande wa pili leo uzi huu ungekuwa wa rambirambi. Alivunjika mtulinga, kiwiko kikachunika mpaka nyama. Boksi la huduma ya kwanza lilikuwa, mmeshajua, ndani ya gari.

Aliyemshusha ni dereva wa Fuso lililobeba viazi. Alimweka mbele, utingo akahamia juu ya lumbesa. Sisi watano tukashuka kwa miguu tukikokota baiskeli mpaka chini. Nikaitoa pedi ya baiskeli ya mwenzetu: kitambaa chote kimeisha, limebaki bati tupu. Pedi mpya kwa kawaida haiishi hivyo kwa siku tatu. Hiyo baiskeli ilitoka Mbeya ikiwa imeshakufa.

Sasa jibu la mwandaaji, kwa ujumbe wa simu: baiskeli zilikuwa nzima, sisi ndio tulishika breki muda mrefu mno.

Kwenye kona hamsini na saba tushike nini, tasbihi?

Tunachodai ni gharama zote za matibabu ya mwenzetu, kiingilio tulicholipa mara mbili, na nusu ya malipo ya safari kwa kila mtu. Mpaka leo ametuma elfu hamsini kwa mgonjwa "ya matunda". Picha za pedi, risiti na meseji zake zote ninazo.

Nyongeza, saa tatu usiku:

Mkuu uliyesema "mliona baiskeli mbovu, mbona mlipanda", swali lako ni la haki na limenichoma. Tairi na gia niliziona, nikanyamaza kwa sababu watu wameshachukua likizo na nauli wameshatoa. Breki za wengine sikuzikagua, nilikagua yangu tu. Hilo ni langu.

Aliyeuliza kama njia inafaa: inafaa sana, njooni na baiskeli zenu. Pedi mpya, za akiba mfukoni, tairi nene, koti zito. Gari likibeba vitu vyenu, mmoja wenu akae humo.

Na wewe mwandaaji, najua unasoma, umeshanitumia ujumbe pembeni ukiniita "bro" tuyamalize kimya kimya. Mgonjwa anarudi kliniki Jumatatu. Namba yake ya simu unayo.