Wajerumani wawili wanakuja kufundisha mazingira Mbagala kwa wiki sita, waanzie wapi?

Binti Rangi Tatu
Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha mtaa kinapokea vijana wawili wa kujitolea kutoka Ujerumani, katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Kazi yao ni elimu ya mazingira shule ya msingi na kwa mama lishe wa sokoni. Wametutumia masomo waliyoandaa: kurasa 40, na dubu wa barafuni juu. Kiswahili chao ni "jambo" na "asante". Naomba ushauri: vibali, na wafundishe nini hasa?

Mwandika Barua
Dada, anza na Uhamiaji kabla hawajakata tiketi. Viza ya utalii hairuhusu kazi, na kujitolea ni kazi hata kama hakuna senti. Kibali cha ukaazi cha wanaojitolea ni daraja C, na anayehitaji kujieleza ni ninyi wenyeji, kwa hiyo karatasi za usajili wa kikundi ziwe safi. Kwa wiki sita, waulize Uhamiaji wenyewe ni hati ipi.

Shuleni msiingie kwa kujuana na mwalimu mkuu. Barua iende kwa mkurugenzi wa manispaa, iteremke kwa afisa elimu. Mtendaji wa mtaa naye apewe nakala, la sivyo siku ya kwanza tu mtaulizwa hawa ni nani. Picha za watoto: ridhaa ya mzazi kwa maandishi.

Darasa la saba waacheni, wana mtihani Septemba. Chukueni la tano.

Koleo na Nondo
Dubu abaki kwao. Mama lishe anajua taka ni mbaya, hajui aziweke wapi gari lisipopita. Wafundishe kitu kimoja cha mikono: mboji.

Lundo liwe mita moja kila upande. Dogo kuliko hapo halishiki joto. Kwa ndoo za lita 20 ni kama 36 za taka kavu (majani ya mwembe, maboksi yaliyochanwa, maranda kidogo, yasiwe ya mbao zenye dawa) na 12 za mbichi (maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mboga, machicha ya nazi). Chini tandika vijiti hewa ipite. Kisha ndoo tatu kavu, moja mbichi, koleo la udongo, nyunyiza maji, rudia. Juu kabisa iwe kavu, nzi wasipate pa kutua.

Kipimo cha maji: chota taka za lundo kiganja kimoja, kamua. Matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, yamezidi; ongeza kavu na ugeuze. Kipimo cha joto: chomeka kipande cha nondo katikati, siku ya nne kichomoe. Kikikuunguza kiganja, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi, mara nyingi ni kukauka au mbichi kupungua. Geuza kila wiki, ya nje yaingie ndani.

Mifupa, vichwa vya samaki na ubwabwa wenye mafuta, marufuku. Panya watahamia hapo, na mwalimu mkuu atafunga mradi kwa haki kabisa. Vifuu navyo weka kando, haviozi upesi.

Sasa hesabu: joto likishapoa mboji bado inahitaji wiki kadhaa itulie, yaani wageni wataondoka haijaiva. Lundo lijengwe wiki ya kwanza, na koleo lishikwe na mwalimu wa hapo tangu siku hiyo, wageni wawe wasaidizi wake. Huyo huyo ndiye afundishe kwa Kiswahili.

Binti Rangi Tatu
Asante sana, hiyo ya nondo nimeipenda. Na plastiki je? Rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019 ila chupa za maji zimejaa mitaroni.

Mnunuzi wa Makopo
Chupa zina soko, kazi ni kuzitenga. Onyesho la dakika tano: beseni la maji, kata chupa na kifuniko vipande vidogo, vizamishe vyote kwa mkono uviachie. Vya chupa vitabaki chini, vya kifuniko vitaelea. Ni plastiki mbili tofauti, mtoto hasahau.

Chupa ivuliwe kifuniko, imwagwe maji, ikanyagwe, ndipo iingie kiroba. Yenye mafuta ya kupikia isichanganywe, mnunuzi atakata bei ya kiroba kizima. Na kabla ya kukusanya chochote, muulize anayenunua hapo Mbagala anachukua rangi zipi.