Tanga inapanuka: viwanja vikatwe ili mitaa iungane, au iachwe ilivyo?

Bikoni
Wakuu, salaam. Kuanzia Mwahako hadi Kange na Pongwe, mashamba yanageuka viwanja mfululizo. Mwenye shamba anakata vipande vyake, anaacha njia moja ya kuingilia, na njia hiyo ikifika mpakani inaishia hapo. Jirani anafanya vivyo hivyo upande wake. Mashamba yanagusana, njia hazikutani. Shule iko mita 150 nyuma ya ukuta, lakini mtoto anatembea mita 900 kuizunguka. Kwenye mitaa iliyokatizana kwa miraba, hata safari mbaya kuliko zote, ile ya kona hadi kona, inazidi umbali wa mstari mnyoofu kwa asilimia 41 tu.

Mfano tunao hapa hapa. Ngamiani barabara zimenyooka na zina namba. Moja ikichimbwa unapita inayofuata. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, linapendekeza kilomita 18 za mitaa katika kila kilomita ya mraba. Maana yake ni njia moja kila baada ya mita 110 hivi, kwenda na kukatiza.

Hoja yangu ni kwamba kila penye njia isiyotokea, wenye viwanja wakatwe kipande sasa hivi, kabla matofali hayajapanda. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Wanaotazamana wakiachia mita 3 kila mmoja, barabara ya mita 6 imepatikana na kila mmoja amepoteza mita za mraba 60, asilimia 15.

Mama Mwahako
Kaka Bikoni, hesabu yako ni ya karatasini. Viwanja hivi dalali kavipima kwa mguu. Hatua 20 za mtu wa kawaida ni kama mita 15, kwa hiyo alichonunua mtu ni mita za mraba 225, si 400. Mita 3 zako zinamla 45, asilimia 20. Mwenye kiwanja cha kona anakatwa pande mbili: 81, asilimia 36. Baada ya hapo choo, shimo na nyumba vinakaa wapi?

Sheria ya Ardhi ya 1999 inazungumzia fidia kamili, ya haki na ya haraka serikali inapotwaa ardhi. Lakini kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyokwisha jengwa bila mpango, njia huachiwa kwa makubaliano, kwa kawaida bure. Huyo wa kona ndiye anayewalipia wengine barabara, na hilo silikubali hata kidogo.

La pili ni watoto. Njia isiyotokea haina mpita njia. Ukiifungua, bodaboda wote wanaotoka barabara ya Pangani kwenda stendi ya Kange watapita mlangoni pa watu, kwa kasi.

Fundi Bomba
Mimi naongezea yaliyo chini ya ardhi, maana njia ndiyo inayobeba bomba. Bomba linaloishia mwisho wa njia lina matatizo matatu. Maji ya mwishoni yanalala, kutu na mchanga vinatua. Jioni watu wakifungua pamoja, presha ya nyumba za mwisho inakufa. Likipasuka, unafunga valvu moja na wote walio mbele wanakauka. Ukiunganisha ncha mbili, maji yanafika kwa pande zote mbili, na ukifunga valvu mbili zilizo kando ya mpasuko ni nyumba chache tu zinazokosa. Lakini kwa kazi hiyo mkanda wa mita 2 au 3 unatosha. Barabara ya mita 6 haihitajiki kila mahali.

Gari la kunyonya vyoo ni habari nyingine. Mpira ukizidi mita 30 hivi uvutaji unadhoofika, hasa shimo likiwa chini kuliko gari. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5, nalo likiingia kwenye njia isiyo na pa kugeuzia linatoka kinyumenyume, usiku, watu wamejaa.

Napendekeza yatengwe mambo mawili. Njia za gari ziwe chache, zile zinazokaribia kuungana zenyewe. Kwingine, uchochoro wa mita 3 kati ya viwanja viwili: kila mmoja anaachia mita 1.5, asilimia 10 ya kiwanja cha mama hapo juu. Miguu, baiskeli na bomba vinapita.

Mama Mwahako
Na bodaboda pia watapita. Usiniambie utaweka nguzo za kuwazuia. Usukani wa pikipiki ni kama sentimita 80, kiti cha magurudumu kinahitaji 90. Nguzo itakayomzuia wa pikipiki itamzuia mlemavu kwanza.

Bikoni
Hapo umesema kweli, nguzo hazisaidii. Dawa ya kasi ni matuta na makutano yaliyopishana, njia isinyooke kama bomba kutoka barabara kuu hadi barabara kuu. Na pikipiki zinajaa pale penye mwanya mmoja. Ukifungua njia moja peke yake katika eneo zima, umewaonea wakazi wake, maana mzigo wote ni wao. Fungua kumi, mzigo unagawanyika.

Kuhusu mwenye kona, nakubali nilikosea kumwacha abebe peke yake. Viwanja 30 vinavyofaidika vikigawana mita zake 81, kila kimoja kinalipia mita za mraba 2.7. Hilo liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa na kusainiwa kabla mchoro wa viwanja na njia haujapelekwa kuidhinishwa. Mchoro ukishapita na bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zikashapandwa, anayechelewa kulipa hana tena sababu ya kulipa.

Kwa mashamba ambayo hayajakatwa, sina huruma hiyo. Mwaka 2009 jimbo la Virginia, Marekani, liliweka kanuni kwamba mitaa mipya isiyoungana na jirani isipokelewe kutunzwa kwa fedha za umma. Hapa nasi kila mchoro ulazimishwe kuacha njia wazi hadi mpakani, angalau mbili kila upande, na bikoni zake zipandwe hata kama ng'ambo bado ni mkonge mtupu.

Mama Mwahako
Kwa mashamba mapya tuko pamoja. Kwa waliokwisha jenga, mita 2.7 naziafiki, ila fedha zilipwe kabla fundi hajagusa ukuta wa mtu. Na muuzaji aliyeziba njia, akachukua hela na kuondoka, yeye anachangia nini? Fundi, Bikoni, hapo hamjanijibu.