M35A2: nyuma nibakize dabo au moja moja? Na bampa la winchi lina maana?

Mkulima_Ohio: Wakuu, habari za majukumu. Hatimaye nimelipata lori langu, M35A2 la jeshi la Marekani. Ekseli tatu, zote zinavuta, matairi kumi ya 9.00-20, nyuma yamepangwa mawili mawili. Nawaza kutoa dabo niweke 11.00R20 moja moja, libaki na matairi sita makubwa. Kwa macho linapendeza balaa. Halafu bampa: langu ni lile fupi. Kuna jamaa anauza winchi (ile mashine ya mbele ya kuvuta kwa kamba ya waya), shafti na bampa lake, vyote vya lori lililokatwa. Mnasemaje?

FundiNakuru: Boss, lori itabeba nini? Anza hapo. Mimi nimeshika sana Bedford za jeshi la Uingereza, zile MK na MJ zilizogeuzwa kubeba watalii wa kuvuka bara kutoka London hadi Nairobi. Hizo tangu kiwandani ni moja moja, 12.00-20 mbele na nyuma. Kwa matope ni noma. Tairi la nyuma linakanyaga mle mle lilimopita la mbele, njia imeshashindiliwa. Dabo inachimba njia yake mpya. Na jiwe likikwama katikati ya matairi mawili, linakula mpira polepole hadi ulitoe kwa mtaimbo.

BabaSpana: Nakubaliana nawe kwenye matope tu. Hilo lori liliandikiwa tani mbili na nusu porini, na barabarani jeshi liliruhusu mara mbili ya hapo. Mzigo huo unakaa kwenye matairi manane ya nyuma. Ukitoa manne, yaliyobaki yanabeba msiba wote. Pia kazi yenyewe si kufungua na kufunga: ukitaka la nyuma lifuate mstari wa la mbele, wenye malori hayo hugeuza habu, kile kitovu kinachoshika ringi. Na 11.00 ni refu kuliko 9.00 kwa kama inchi tatu, kwa hiyo barabarani injini inatulia, ila mlimani utarudisha gia mapema na breki zitakulaumu.

Kwa haki ya Fundi, jeshi lenyewe baadaye lilikwenda njia yake: M35A3 ilipewa 14.5R20 moja moja, na dereva anapunguza upepo akiwa ndani. Wazo hilo si jipya. DUKW, lile lori la kuogelea la Vita Kuu ya Pili, lilikuwa na matairi 11.00-18 moja moja na mfumo kama huo, ili lipande mchanga wa ufukweni. Lakini huo ni mfumo mzima, siyo kubadilisha mpira tu ukaita maendeleo.

Binamu_Leicester: Kabla hamjafika mbali: ringi hizo ni za vipande, zina pete ya kufungia pembeni. Toa sindano ya valvu, upepo uishe kabisa, ndipo uguse pete. Kujaza ni ndani ya kizimba cha chuma, na wewe usimame pembeni. Mimi nina Bedford QL ya miaka ya arobaini, ringi zake ni nusu mbili zilizobanwa kwa nati, na Waingereza walizipaka nati hizo rangi nyekundu. Maana yake usiziguse tairi likiwa na upepo. Mtu asiyejua anaona nati tu.

Na tafadhali usichomelee ndoano kwenye bampa. Pete za kuvutia zishike kwenye chesisi, bampa likivutwa peke yake linapinda kama ndizi. Halafu piga msasa wa maji pale mbele taratibu, tabaka moja moja. Mara nyingi herufi za zamani huibuka: upande mmoja kikosi kikubwa, upande wa pili kombania na namba ya gari. Nilishuhudia moja ikitokea, nilikaa chini.

PwaniDizeli: Winchi chukua kama bei ni nzuri, ila ujue bampa linasogea mbele zaidi ya futi moja na chesisi inaongezewa vipande. Kwenye korongo bampa litagonga ukuta kabla ya tairi. Pia winchi hiyo inazungushwa na gia kwa shafti, na njiani kuna pini laini iliyowekwa ivunjike mzigo ukizidi. Usiweke bolti ya chuma kigumu kisa pini zimeisha. Pini itapona, shafti itakwenda.

Mkulima_Ohio: Nabeba kuni na marobota ya nyasi, nusu shambani nusu lami. Lakini wakuu, sikuwasubiri. Nimeingia upande wa dereva na spana na bomba la futi sita, nikakata stadi moja, ile bolti inayoshika ringi.

FundiNakuru: 😂 Soma uso wa stadi. Imeandikwa L?

Mkulima_Ohio: Imeandikwa L.

FundiNakuru: Kushoto thredi ni za kinyume, unafungua kwa kuzungusha kulia. Na kila stadi ina nati mbili: ya nje kubwa inashika tairi la nje, ya ndani yenye kichwa cha mraba inashika la ndani. Ya ndani huwezi kuikaza kabla hujalegeza ya nje. Wengi wanakaza za nje miaka yote wakidhani wamemaliza.

BabaSpana: Kwa kuni na marobota, acha dabo. Pesa ya matairi weka kwenye breki.

Mkulima_Ohio: Nimezifungua zote za kushoto. Ekseli ya mwisho, nati tatu za ndani nimezizungusha kwa vidole.

FundiNakuru: Basi tairi la ndani lilikuwa linacheza. Angalia mashimo ya ringi.

Mkulima_Ohio: Mawili yamekuwa kama yai. Natafuta ringi.