MREJESHO: Niliyeuliza kuhusu mafunzo ya udereva wa treni ya abiria

Habari zenu wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kama mafunzo ya udereva wa treni ya abiria ni magumu na kama macho yanapimwa kweli. Nilipita, nipo mafunzoni, na macho yanapimwa haswa, mpaka rangi, maana taa nyekundu na kijani ndo kazi yenyewe.

Darasani ni sheria na ishara, unakariri mpaka unaziota. Kilichonishika ni breki. Bomba la hewa linapita mabehewa yote, presha ikishuka ndo breki zinabana, kwa hiyo hata behewa likichomoka treni inasimama yenyewe, aliyebuni hii nampa heshima zote. Sasa kusimama stesheni ndo shughuli, chuma juu ya chuma hakishiki kama tairi kwenye lami, unaanza kubana mbali huko hata stesheni hujaiona, halafu ikikaribia kusimama unalegeza kidogo ili waliosimama ndani wasipepesuke. Mvua ikinyesha unaanza mapema zaidi, na kuna mchanga unamwagwa mbele ya magurudumu yasiteleze. Mwalimu wangu anakaa pembeni kimya, ananyoosha tu kidole kuonyesha alama yake ya kuanza breki, mti, daraja, nguzo, na usiku lazima uzijue hivyo hivyo kichwani.

Mlioniambia zamu za alfajiri zinachosha mlisema kweli, ila naipenda hii kazi sana. Bado mtihani wa njia, nikifaulu nitawaambia.