Tupeane uzoefu: siku uliyoiona bendi yako ya metali jukwaani, na albamu yao mpya ilivyokufikia

Wadau, habari zenu. Wapenda metali, ule muziki mzito wa magitaa na mayowe, hapa Uganda tuko wachache na tumetawanyika. Mmoja yuko Ntinda, mwingine Mbale, mwingine Gulu anasikiliza mlango umefungwa majirani wasidhani kuna ugomvi. Leo tusimuliane jambo moja: bendi unayoipenda uliionaje kwa macho yako, na albamu yao mpya uliisikia kabla ya hapo au baadaye? Kwangu mimi kipi kilitangulia ndicho kilichoamua kila kitu.

Naanza. Bendi yangu ni Duma, wale vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja anayejiita Lord Spikeheart na Sam Karugu. Sisi tukisikia jina hilo tunamwona mnyama mwenye mbio, kumbe wao wamelitoa kwenye Kikuyu, maana yake giza. Niliwaona Jinja kabla ya korona, kwenye tamasha la Nyege Nyege (kwa Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika, ndugu zetu wa pwani wasishtuke).

Walipanda wawili tu. Mpiga ngoma hakuna. Ngoma zote zilitoka kwenye mashine, kwa kasi ambayo mikono ya mtu haiwezi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, viatu vinazama. Nilisimama karibu na spika ya kushoto, nikaweka kiganja kifuani, nikasikia mapigo ambayo hayakuwa ya moyo wangu. Khanja akashuka, akaingia katikati yetu, akapiga yowe hatua tatu kutoka nilipokuwa. Mshipa wa shingo ulimsimama kama kamba. Pembeni yangu kijana wa boda, kofia ngumu bado kichwani, amefumba macho kama mtu anayeomba.

Wakati huo albamu bado. Ilitoka Agosti 2020 kwa Nyege Nyege Tapes, lebo ya hapahapa Kampala, na walikuwa wameirekodi hapahapa mwaka 2019. Tulikuwa kwenye kafyu. Nilinunua bando, nikapakua, nikavaa hedifoni, nikazima taa. Rafiki yangu aliyeanza na albamu aliniambia hasikii kitu ila vurugu. Mimi nilikuwa najua nisikilize wapi: chini ya mayowe kuna mdundo unaozunguka, unaondoka na kurudi, na ukishaushika huo mengine yote yanakaa mahali pake. Ningeanza na albamu, naamini ningeiacha dakika ya pili. Jukwaa ndilo lililonifundisha kuisikia.

Haya, nanyi.

Mdau wa Entebbe: Mimi kinyume chako kabisa. 2016 nilikuwa Johannesburg kikazi, Iron Maiden, wale wakongwe wa Uingereza, wakaja na ziara ya albamu yao The Book of Souls. Albamu ilikuwa imetoka Septemba 2015, ndefu, dakika 92, na miezi yote ile nilikuwa nayo kwenye basi asubuhi na jioni. Kila pumzi naijua. Unakumbuka mwimbaji wao Bruce Dickinson alikuwa ametoka kutibiwa saratani, uvimbe nyuma ya ulimi. Walirekodi kabla madaktari hawajaugundua. Kwa hiyo sauti ile niliyoizoea ilikuwa ya mtu kabla ya ugonjwa, na mimi nakwenda kumwona wa baada ya ugonjwa. Niliogopa kwa niaba yake, wallahi.

Taa zikazimwa. Akatokea peke yake ameinamia chungu kinachofuka moshi, akaanza na wimbo wa kwanza wa albamu, taratibu, karibu bila vyombo. Sauti ikaja nzima. Nilijikuta nalia, na mzee mmoja wa Kizulu aliyekuwa mbele yangu akageuka akanishika bega, hakusema kitu. Na Bruce huyohuyo ndiye aliyekuwa anairusha ndege ya bendi, ile Boeing 747! Wimbo wa mwisho wa albamu, ule wa dakika 18 kuhusu R101, puto kubwa la kusafiria la Waingereza lililoanguka Ufaransa mwaka 1930, hawakuupiga. Niliungoja mpaka taa zikawaka. Bado unaniuma. Siku hizi nikiisikiliza albamu, nikifika pale nahisi wananidai au mimi nawadai.

Mdau wa Jinja: Mwenye uzi, huenda tulipishana! Mimi sikwenda kwa ajili ya muziki, nilikwenda kumsaidia shangazi kuuza rolex, chapati yetu ya kuviringishwa na mayai, nje ya geti. Mayai trei sita, unga tumeukanda tangu alfajiri. Usiku mdundo ukaanza, nikaona mafuta kwenye kikaangio yanafanya viduara vidogo vidogo, yanatetemeka bila mtu kugusa. Shangazi akasema banange, hii nini tena. Mimi nikaacha kijiko nikabaki nayaangalia. Sijui kama walikuwa Duma au wengine, ila miaka miwili baadaye binamu aliponitumia ile albamu kwa simu niliyaona mafuta yale. Tangu hapo sijatoka kwenye metali.

Mdau, Kabalagala: Nyie mnasema wakubwa, mimi nasema bendi ndogo ya hapa mjini, siitaji kwa sababu wenyewe ni watu wa haya. Walikuwa wanazindua albamu kwenye baa moja, watu labda arobaini. Wimbo wa tatu stima ikakatika. Magitaa kimya. Mpiga ngoma hakusimama! Akaendelea gizani peke yake, sisi tukaanza kuimba ile sehemu ya gitaa kwa midomo, ja-ja-jang, ja-ja-jang, mpaka jenereta ikawaka na gitaa likaingia palepale tulipofika. Mlangoni nikanunua albamu kwenye flashi. Ni nzuri, lakini wimbo wa tatu kila nikiusikia naona kuna kitu kimepungua.

Mwenye uzi: Mdau wa Kabalagala, waombe waurudie na sisi ndani, nakuja hata kutoka Mbarara. Wa Jinja, msalimie shangazi. Mimi wiki hii niko na The Adept, albamu ya Khanja peke yake ya mwaka 2024, aliyoitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, yule mama wa Mau Mau. Huyu sijamwona jukwaani tangu Jinja. Naisikiliza kwenye taksi ya kwenda kazini na bado kuna nyimbo mbili hazijanifungukia. Sizilazimishi. Akija upande huu nitasimama spika ya kushoto.