Nataka kusoma uzamivu wa elimu ya muziki: wanahitaji nini hasa?

Zumari:
Habari zenu wakuu. Nafundisha muziki shuleni, huu ni mwaka wangu wa tisa, watoto wa miaka 10 hadi 14. Shahada ya kwanza nilisomea muziki, ya umahiri nikasomea ualimu kwa jumla. Moyo wangu uko kwenye uzamivu wa elimu ya muziki, ila kila nikifungua masharti ya vyuo nachanganyikiwa. Huku wanaita PhD (uzamivu wa utafiti), huku EdD (uzamivu wa elimu), huku DMA (uzamivu wa sanaa za muziki). Wengine wanadai video ya mwombaji akifundisha, wengine wanataka pendekezo la utafiti kabla hata hujapokelewa.

Naomba kujua: umahiri usio wa muziki unakubalika? Lazima nipige ala mbele ya jopo? Mimi ni mwimbaji, kinanda napiga cha kufundishia tu. Na ni miaka mingapi kwa mtu asiyetaka kuacha kazi? Nitashukuru sana nikijibiwa na aliyeipita njia hiyo mwenyewe.

Mapigo_Manne:
Mkuu, ninavyojua DMA ni ya wapigaji na waongoza kwaya, PhD ni ya watafiti. Angalia moyo wako unaelekea wapi.

MwalimuAlto:
Zumari, mwalimu mwenzangu, nimekaa na swali lako tangu jana. Uzamivu huo niliumaliza kwa miaka sita na nusu, sehemu kubwa nikiwa bado nafundisha, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona.

Tuanze na hayo majina. Alichosema Mapigo_Manne ni kweli kwa sehemu. DMA nyingi ni za upigaji, uimbaji, utunzi au uongozaji, lakini Marekani zipo DMA za elimu ya muziki yenyewe. Boston University wanayo, tena wanaifundisha kwa mtandao. EdD hutolewa na vyuo vya elimu, kama Teachers College ya Columbia, na mara nyingi humlenga mwalimu anayetaka kurudi kazini akiwa na uwezo mkubwa zaidi. PhD inakuandaa uwe mtafiti na mhadhiri. Hata hivyo mipaka hiyo huvukwa kila siku, kwa hiyo usishike jina. Fungua orodha ya kozi, hesabu ngapi ni za mbinu za utafiti na ngapi ni za muziki, halafu tazama wahitimu wao wanafanya kazi gani leo.

Njia nayo inategemea nchi. Marekani unaanzia darasani: falsafa ya elimu ya muziki, historia yake, saikolojia ya muziki, takwimu, utafiti wa kimaelezo. Hiyo ni kama miaka miwili au mitatu. Unafanya mtihani mkubwa wa kukamilisha kozi, ndipo unatetea pendekezo la utafiti, ndipo unaandika tasnifu na kuitetea. Vyuo vingi huko vinataka uwe umefundisha shuleni kwa miaka kadhaa, mitatu hivi, na kwa hilo wewe huna shida. Uingereza ni tofauti kabisa. Unaingia na pendekezo mkononi, kozi ni chache, na baada ya muda wanakupima kama kazi yako inastahili kufikia uzamivu. Tasnifu kwa vyuo vingi haitakiwi kuzidi maneno 80,000 au 100,000. Mwisho unaketi na watahini wawili, mmoja wao kutoka nje ya chuo, mnaijadili kazi yako ukurasa kwa ukurasa. Anayesoma muda wote humaliza kwa miaka mitatu au minne, na anayesoma huku akifanya kazi ajiandae kwa kama mara mbili ya hapo.

Kuhusu kazi, uliza jambo moja mapema: kama chuo kinakulazimisha kusoma muda wote kwa mihula miwili mfululizo. Programu nyingi za Marekani zinao utaratibu huo, na mimi ndio ulionifanya niombe likizo bila malipo. Ningeujua mwaka mmoja kabla, ningejipanga.

Umahiri wa ualimu vyuo vingi vinaukubali, lakini tegemea kupimwa nadharia na historia ya muziki ukifika, na ukipungukiwa utapewa kozi za kufidia ambazo hazihesabiwi kwenye shahada. Rudia upatanifu wa sauti nne kuanzia sasa. Kupiga ala mbele ya jopo, kwa PhD ya elimu ya muziki mara nyingi hawadai. Wanachodai ni ile video, na hapo nataka nikae kidogo.

Video yangu ya kwanza ilikuwa kwaya yangu siku ya tamasha. Sare safi, sauti nne zimekaa mahali pake. Nikamwonyesha mwalimu wangu wa zamani kabla ya kuituma. Akaitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwaya nimeiona. Mwalimu sijamwona." Nikairudisha kabatini. Nikatuma ya darasa la Jumanne, picha imetikisika, dirisha nyuma yangu linawaka jua. Humo kuna mvulana wa miaka 13. Wimbo unapanda, naye anapanda nao, na katikati ya neno sauti yake inapasuka vipande viwili. Anafunga mdomo, anatazama viatu vyake. Wenzake wanaanza kugeuka. Unaniona nikiendelea kupiga kinanda, naushusha wimbo chini kidogo, kisha chini tena, na ninaliambia darasa zima washike nota tatu tu za chini pamoja naye. Dakika kama nne hivi. Mwishoni anaimba, taratibu, na sauti aliyoitoa hakuwahi kuwa nayo mwezi uliotangulia.

Kwenye usaili hawakuniuliza chochote kuhusu vyeti. Waliuliza, "Kwa nini ulishusha mara mbili na si mara moja?" Tukazungumza nusu saa. Na ndani ya mazungumzo hayo nikajisikia nikitamka swali la tasnifu yangu: mvulana anaamua lini, na kwa sababu gani, kwamba kuimba si kwake tena? Walikuwepo watu waliolitafiti badiliko la sauti kabla yangu, John Cooksey katika miaka ya 1970 alilipanga kwa hatua, ila mimi nilitaka kuwasikia wavulana wenyewe wakieleza.

Ndiyo maana nakwambia, masharti yote uliyoyataja ni karatasi, na karatasi hupatikana. Kinachokuingiza na kukutoa salama ni swali lililozaliwa darasani kwako na msimamizi anayelijali swali hilo. Soma makala za msimamizi unayemtaka, mwandikie, mweleze swali lako kwa aya moja. Wanamuziki hodari niliowaona wakikwama hawakukwama kwa muziki. Walikwama mwaka wa nne, kozi zimeisha, ratiba hakuna, na hawana jambo wanalolitaka kulijua kiasi cha kuamka nalo alfajiri.

Na tahadhari moja iliyoniuma. Nilianza kurekodi mazungumzo na wanafunzi wangu kabla ya kupata idhini ya maadili ya utafiti. Niliona ni wanafunzi wangu, wazazi wananifahamu, nitaomba karatasi baadaye. Rekodi kumi na moja. Kamati ikaniamuru nizifute zote, wala nisizitumie hata kwa kumbukumbu. Katika moja, mvulana alikuwa amesema kitu kuhusu baba yake na sauti yake mpya ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mtu yeyote. Kamati ilikuwa na haki. Watoto wale walizungumza na mwalimu wao, hawakujua kwamba wanazungumza na mtafiti, na mtoto hana namna ya kumkatalia mwalimu anayempa alama. Kwa hiyo idhini ya kamati kwanza, kisha ya mzazi, kisha ya mtoto mwenyewe. Ndipo uwashe kinasa sauti.

Zumari:
Mwalimu, nimesoma mara tatu. Asante kutoka moyoni. Swali langu nilikuwa nimeliandika hivi: "Namna muziki unavyowasaidia watoto kufaulu." Naomba unikosoe bila kunionea huruma.

MwalimuAlto:
Nitakukosoa kwa sababu nataka uingie. Muziki upi? Kusikiliza, kuimba, kupiga, kutunga? Watoto wa umri gani, wamefundishwa na nani, kwa muda gani? Kufaulu nini, hesabu, kusoma, au kuimba wenyewe? Sentensi yako ina milango minne na yote iko wazi.

Tena eneo hilo lina historia ya kukufanya uwe mwangalifu. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake walichapisha utafiti mfupi kuhusu kusikiliza Mozart. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo, kilichopanda ni kazi ya kuwaza maumbo na nafasi, na athari yenyewe haikuzidi kama dakika 15. Watu wakaubeba mpaka kwa watoto wachanga na kusema Mozart anaongeza akili, jambo ambalo utafiti ule haukulisema. Jopo litakuuliza hayo kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Na mimi sipendi muziki uombe ruhusa ya kuwepo shuleni kwa mgongo wa hesabu.

Achana na "kufaulu". Niambie kitu kimoja ambacho umekiona darasani mara nyingi na hukielewi.

Mapigo_Manne:
Nami nasubiri jibu hili. Nimejifunza.

Zumari:
Nina wasichana wawili na mvulana mmoja wanaoshika wimbo wowote kwa kuusikia mara mbili, pamoja na sauti ya pili. Nikiwawekea wimbo ule ule kwenye nota, wanaganda. Hata sauti wanazozijua zinawapotea. Na kila mwaka napata watoto wa namna hiyo. Sijui kama karatasi inawaondolea walichonacho au ni mimi ninavyoileta.

MwalimuAlto:
Hilo ndilo. Hiyo sentensi yako ya mwisho iweke juu ya ukurasa.

Sasa soma Edwin Gordon, aliyejenga kazi yake juu ya uwezo wa mtu kuisikia na kuielewa sauti akilini hata kama hakuna kinachopigwa, kisha soma wanaompinga. Rudi kwa Zoltán Kodály pia, mtunzi wa Hungaria aliyesisitiza mtoto aimbe kwanza ndipo aone alama, uone kama madarasa yako yanafanya hivyo kweli au tunasema tu. Wiki hii andika kwenye daftari, bila majina ya watoto na bila kurekodi: siku gani uliwapa nota, baada ya kuimba mara ngapi, waliganda kwenye kipande kipi. Ni daftari la mwalimu kujitazama mwenyewe, bado si data. Ukifikisha kurasa kumi niandikie, tutaanza kupunguza ziwe aya moja ya kumtumia msimamizi.