Wiki ya ana kwa ana ya MBA ya mtandaoni: nimesafiri kwenda kusomewa slaidi

Wakuu, heshima kwenu. Nimerudi juzi na hasira bado haijashuka, mtanisamehe nikiandika bila mpangilio.

Nasoma MBA (shahada ya uzamili ya biashara) kwa njia ya mtandao, mwaka wa kwanza. Chuo sikitaji, matokeo yangu bado yako mikononi mwao. Masharti yanasema lazima ufike kampasi siku 6, Jumatatu hadi Jumamosi, usipofika hupandi mwaka. Sharti lenyewe sina ugomvi nalo, nilisaini kwa mkono wangu. Ila barua ya udahili ilisema tunaitwa kufanya mambo "yasiyowezekana kwenye skrini". Hapo ndipo tulipopigwa.

Likizo yangu ya mwaka yote imeishia huko. Nauli na malazi ni juu yako, nje ya ada. Ratiba ilikuja siku 9 kabla, wakati wengi tumeshakata tiketi, halafu Jumapili usiku tukiwa tumefika ikabadilishwa: Jumamosi tunamaliza saa 12 jioni badala ya saa 6 mchana. Nilibadilisha tiketi kwa hasara yangu. Nilipouliza, nikajibiwa "mwanafunzi wa MBA anatarajiwa kumudu mabadiliko". Sawa.

Jumatatu asubuhi mhadhiri wa uhasibu kasimama, kawasha projekta. Slaidi ya kwanza nikaitambua. Ya pili nikaitambua. Ni zilezile za video za moduli ya 3 mtandaoni, hata lile kosa la tahajia kwenye jedwali la gharama zisizobadilika lipo palepale! Saa tatu nzima anasoma, sisi tunafuatisha. Kwenye video naweza kumsimamisha, kumrudisha nyuma, nikichoka namkimbiza. Huyu aliyesimama mbele yangu hana kitufe.

Mchana ikawa zamu ya mnara wa tambi. Waliopita kwenye semina za uongozi wanaujua, kundi linajenga mnara mrefu kadiri liwezavyo: tambi kavu 20, uzi, utepe wa gundi, pipi laini moja ikae kileleni, dakika 18. Tom Wujec, aliyeutangaza sana mchezo huu, alieleza kwamba wahitimu wapya wa shule za biashara ni kati ya wanaofanya vibaya kabisa na watoto wa chekechea huwashinda, kwa sababu mtoto anaiweka pipi juu mapema aone kama inakaa, wakati msomi anapanga mpango mmoja mkubwa na kuiweka pipi dakika ya mwisho. Hilo ndilo somo lote la mchezo! Mwezeshaji wetu hakuligusa. Mnara wetu ukaanguka, akasema "hongereni kwa ushirikiano", tukapigwa picha. Kufika Jumatano picha zile zilikuwa kwenye tangazo la kudahili wanafunzi wapya. Nipo pale, nimeshika tambi, nacheka kama mtu aliyeridhika.

Jumanne na Jumatano nazipita, slaidi tu.

Alhamisi ndiyo iliyoniuma, kwa sababu ilikuwa nzuri. Tulicheza mchezo wa bia, ule wa kuigiza safari ya bia kutoka kiwandani hadi dukani, uliobuniwa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1960. Meza moja, watu wanne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Hamruhusiwi kuzungumza, mnapitishiana vikaratasi vya oda tu, na mzigo unachukua wiki kadhaa za mchezo kukufikia (kila mzunguko wa kucheza ni wiki moja). Kreti ikilala kwako unatozwa, ukimkosesha mteja unatozwa mara mbili. Mimi nilikuwa muuza jumla. Wiki za mwanzo shwari, oda kreti 4, 4, 4. Ghafla muuza rejareja ananiletea oda zinazopanda kila wiki, sina mzigo, naogopa, nami naagiza kreti 40. Dada aliyekuwa msambazaji akanikodolea macho kama mtu aliyetukaniwa mzazi. Baadaye mizigo yote ikatufika kwa mpigo na hakuna anayeitaka. Meza nzima tunalaumiana kwa macho. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kozi niliwaona wenzangu ni watu, si visanduku vya Zoom.

Utamu wa mchezo ule uko mwishoni, karatasi zinapofunuliwa na kila mtu akachora oda zake ubaoni. Hapo ndipo mnagundua mteja wa dukani alibadilisha oda mara moja tu, kutoka kreti 4 hadi 8, akatulia hapohapo. Fujo yote tuliitengeneza wenyewe, kama mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Wakuu, hatukufika huko. Tulipanga kucheza wiki 36 za mchezo, wiki ya 20 mratibu akaingia, akasema muda umekwisha, ofisi ya udahili ina wasilisho kuhusu "thamani ya shahada yenu". Vikaratasi vikakusanywa. Hilo la kreti 8 nimelisoma mwenyewe usiku kwa simu. Kwenye skrini!

Kadi zetu za mlangoni ziliandikwa MGENI, na maktaba haikuzitambua. Ada tunalipa sawa na wanaokaa pale mwaka mzima.

Kuna mtu atasema nilienda kujenga mtandao wa watu, si kusoma. Ningeujenga saa ngapi, vipindi saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na makundi wameyapanga kwa alfabeti? Watu watatu niliobaki nawasiliana nao ni wa meza ile ya bia.

Fomu ya tathmini imefika jana. Maswali 12: chumba, projekta, mapokezi, usafi. Kuhusu tulichojifunza, hakuna hata moja. Kisanduku cha maoni kinagoma ukifika herufi 250, ndiyo maana mnanisoma huku.

Mwaka wa pili kuna wiki nyingine kama hii. Aliyewahi kuandika barua akakubaliwa kufanya kazi mbadala badala ya kwenda, aliiandikia ofisi gani na alitumia kifungu kipi cha kanuni? Inbox ipo wazi.